Jumamosi za Baba Mdogo

Nyumbani,
Ghorofa ya tatu, juu ya dobi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umekuachia upumue kidogo. Shemeji yake Baba, mumeo, bado anafanya kazi za zamu? Na huyo mkorofi wako mdogo, binamu yangu, ameshaota meno ya mbele, au bado anatafuna mkate kwa pembeni kama kwenye ile picha uliyotutumia?

Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Kifua cha Baba kimetulia tangu apunguze kuchomelea vyuma kwenye ule upepo. Mama yuko na cherehani yake, anashona mapazia ya watu huku dirisha letu wenyewe likiwa na kipande cha shuka. Mimi nimemaliza mitihani wiki tatu zilizopita, na tangu hapo nalala mchana kama paka. Mama anasema nimekonda, lakini mashavu yapo pale pale, kwa hiyo jina mlilonipa bado linanifaa.

Uliponipigia simu mwezi uliopita uliniambia, "Wote mnaniambia amepumzika, amepumzika. Wewe niandikie. Usinifiche kitu." Nikakujibu sawa. Nimeanza barua hii mara nne. Kila nikifika kwenye habari zenyewe naona bora nikaoshe vyombo. Leo vyombo vyote ni safi.

Inabidi nianzie shuleni, maana ukiiruka shule hutaelewa.

Unajua diploma yangu ni ya miaka miwili, na watu wanaiogopa kwa sababu ya masomo sita na ile insha ndefu. Ila kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kukueleza vizuri: masaa. Kila mwanafunzi lazima atimize masaa ya sanaa, masaa ya michezo na masaa ya kujitolea, nje ya vipindi vya darasani, na kila saa isainiwe na mtu mzima aliyekuona kwa macho yake. Usipoyatimiza, hata uwe na alama za juu kuliko shule nzima, cheti hukipati. Mwalimu anayeyasimamia tunamwita Bwana Saa. Hana ubaya. Ana daftari jeusi na kalamu yenye wino wa kijani, basi.

Mwanzoni mwa mwaka jana nilichora jedwali kubwa nyuma ya kalenda ya zamani nikalibandika ukutani juu ya kitanda changu. Michezo niliipaka kijani, nikawa nakimbia asubuhi na wasichana wawili wa darasa letu, ambao walikuwa wananikimbia kweli kweli. Sanaa niliipaka njano, nikajiunga na kikundi cha maigizo na kupewa kazi ya kufungua na kufunga pazia. Masaa ya kujitolea niliyapaka nyekundu: masaa themanini. Mawili kila Jumamosi, Jumamosi arobaini, kuanzia Januari mpaka Januari, nikiruka likizo na wiki za mitihani. Nililipenda sana lile jedwali. Nilikuwa nalitazama kabla ya kulala.

Nilichagua kituo cha viziwi, upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka kwetu. Usidhani nilikichagua kwa ajili ya Baba Mdogo. Natamani ningeweza kukuandikia hivyo. Nilitaka maktaba, lakini nafasi za maktaba zilikuwa zimejaa.

Yeye alikuwa chini kwa dobi, na pasi yake, vile vile ulivyomwacha. Majirani wakimwita Bubu na yeye akiwainulia kofia. Hapa nyumbani tulikuwa tunatumia zile ishara mlizozitunga wewe na yeye mlipokuwa watoto, zile zilizobaki baada ya wewe kusafiri. Kuvuta ndewe ya sikio, wewe. Kugonga mkanda wa suruali, Baba. Kuvimbisha mashavu, mimi. Kula, kulala, kazi, mvua, hapana. Baadaye nilikaa nikazihesabu, Shangazi. Hazikufika thelathini. Mtu wa miaka arobaini na sita alikuwa anaishi na sisi kwa maneno yasiyofika thelathini, na sisi tulikuwa tunaona anaelewa kila kitu, kwa sababu alikuwa mpole.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi najikumbusha alfabeti ya vidole niliyofundishwa kituoni. Akapita na rundo la mashuka ya watu. Akaliweka chini, hapo hapo kwenye vumbi, yeye ambaye alikuwa hataki hata leso iguse sakafu. Akanikamata mkono akawa anaugeuza huku na huku, kama fundi anayeikagua saa mbovu. Nikarudia herufi ya kwanza. Akaifuata. Ya pili, akaifuata. Dobi alipopanda kutafuta mashuka yake alitukuta tumefika herufi ya tisa.

Jumamosi iliyofuata nikamchukua.

Watoto walikuwa uani wanagombania mpira. Kelele zao zote zilikuwa mikononi: huyu anamwambia mwenzake ni zamu yangu, yule anasema ulishacheza, wa tatu anawatukana wote wawili. Baba Mdogo alisimama mlangoni akacheka. Halafu akakaa kwenye kizingiti, akavua kofia, akajifunika nayo uso. Nilidhani anaumwa. Mwalimu wa ishara, ambaye ni mama wa makamo na yeye mwenyewe hasikii, akaja akachuchumaa mbele yake akasubiri, hakumgusa. Alipoishusha kofia, akamuuliza jina lake. Hakuwa nalo. Mikononi hakuwa na jina. Yule mama akatazama shati lake, mistari ya pasi iliyosimama kama imechorwa kwa rula, akampa jina palepale: ngumi inayosukumwa juu ya kiganja. Pasi.

Njia nzima ya kurudi, mabasi yote mawili, alikuwa anajitaja. Ngumi, kiganja, ngumi, kiganja. Abiria aliyekaa pembeni yake alihama.

Sijui kama Baba aliwahi kukueleza jinsi alivyobadilika. Aliingia darasa la watu wazima wakati mimi nikiwasaidia watoto hesabu. Alijifunza siku za wiki na majina ya rangi. Alijifunza kwamba ana umri, na unahesabika. Kumbe alikuwa mtani hasa! Alimpa dobi jina la tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Akamtoa Baba kwenye mkanda akampandisha cheo: mlango uliofungwa kwa kufuli. Tafadhali usimwambie Baba hiyo.

Na jioni moja aliniuliza juu ya Bibi. Alikuja nilikokuwa nakunja nguo, akasema kwa mikono, polepole, kila neno peke yake: mama, udongo, kwa nini. Sikumwelewa mpaka akarudia mara tatu. Alikuwa na miaka tisa Bibi alipofariki. Alimwona akilazwa ndani ya shimo, akamwona kila mtu akirudi nyumbani kula, na hakuna aliyemweleza. Nilikwenda kumuuliza Baba, Baba akasema, "Moyo. Mwambie ulikuwa moyo." Nikarudi nikamwambia: moyo, ugonjwa, hakuna mtu aliyemfanya kitu. Alitikisa kichwa jioni nzima. Alikuwa ameisubiri habari hiyo miaka thelathini na saba.

Siku zile nilijiona mtu mwema sana.

Nikamwendea Bwana Saa kumuuliza kama zile jioni ninazokaa naye nikimrudishia masomo zinaweza kuingia kwenye daftari.

"Ni nani wako?" akauliza.

"Baba yangu mdogo."

"Anaishi kwenu?"

"Jengo moja. Anakula kwetu."

"Basi huo ni udugu, binti yangu, siyo kujitolea. Udugu siandiki humu."

Alisema kwa upole, na kwa kweli nilimwelewa. Lakini tangu siku ile, bila kukusudia, nikaanza kuzionea zile jioni uchoyo. Alikuwa akija na swali nami nimezama kwenye insha yangu, nikawa namfanyia ile ishara ya "subiri," kiganja kinachosukuma hewa chini taratibu. Maneno mengi alifundishwa na mwalimu wake. Hilo alifundishwa na mimi.

Jumamosi ya mwisho ya Januari saa yangu ya themanini ikasainiwa. Nikaja nyumbani nikaifuta nyekundu yote ukutani.

Wiki iliyofuata, saa moja asubuhi, mlango ukagongwa. Baba Mdogo, shati limenyooka, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Mimi niko na nguo za kulalia na karatasi zimetapakaa kitandani. Nikamwambia: mtihani, kazi nyingi, subiri. Akauliza: Jumamosi ngapi? Nikahesabu mpaka mwisho wa mitihani, nikamwonyesha kumi na tano. Akazirudia kwa vidole vyake, kumi, kisha tano, akateremka.

Jumamosi iliyofuata alikuja tena, amevaa vile vile. Nikaanza kumweleza upya, akanizuia. Akanionyesha kumi na nne, akateremka. Wiki nyingine, kumi na tatu. Mama akawa anacheka, anasema huyu amekuwa kalenda. Mimi pia nilicheka. Kwenda peke yake Baba alikuwa amemkataza, kwa sababu ya mabasi mawili na ile barabara kubwa, na mimi sikumtetea. Kumtetea kungenichukua jioni nzima ya kubishana na Baba, na jioni zangu zote zilikuwa zimepangwa. Ningeweza kumpeleka hata mara moja moja, Shangazi. Masaa manne kwenda na kurudi. Nilikuwa nayo. Sikuwa na mahali pa kuyaandika tu.

Alifika sita. Sita ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa naomba uwe umekaa.

Jumanne iliyofuata, jioni, nilikuwa nikiandaa maelezo ya mwisho ya masaa yangu. Kila mwanafunzi husimama mbele ya walimu watatu na kueleza alichofanya na alichojifunza, ndipo muhuri ugongwe. Ilikuwa iwe Ijumaa. Baba Mdogo akaja mlangoni, mkono kwenye tumbo, upande wa kulia, akanifanyia ishara ya maumivu. Sitakudanganya kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa vizuri. Nikamwambia: subiri, kesho. Alisimama kidogo pale mlangoni, kisha akaondoka. Kesho yake nikasahau.

Jumatano alipiga pasi siku nzima. Alhamisi mchana dobi alimkuta amekaa juu ya furushi la taulo, jasho la baridi linamtiririka, pasi imewashwa mezani na amehakikisha imesimama wima isiunguze kitu. Baba akaitwa kutoka karakana, wakampeleka hospitali.

Niliporudi kutoka shule Mama aliniambia. Nikamuuliza, "Niende nikamtafsirie?"

"Tumbo ni tumbo," Mama akasema. "Watalipapasa, wataona. Baba yako yuko naye. Wewe kesho una siku yako."

Usimlaumu Mama. Alikuwa na miaka miwili akiniona nalala nimeegemea vitabu. Mimi ndiye niliyeuliza swali, na nilipopata jibu nilifarijika. Nililala vizuri usiku ule.

Ijumaa saa nne asubuhi nikasimama mbele ya wale walimu watatu. Nilikuwa na picha kubwa ya Baba Mdogo ukutani, anacheka, ngumi juu ya kiganja. Nikaeleza habari ya ngazi, na ya kofia, na ya Bibi. Mwalimu mmoja akatoa leso. Bwana Saa akauliza, "Kwa kifupi, umejifunza nini?" Nikasema nimejifunza kumsikiliza mtu kwa macho. Walipiga makofi, Shangazi. Muhuri ukagongwa palepale. Nilipotoka nje nikawasha simu, nikakuta Mama amenipigia mara kumi na moja.

Baba alikuwa kwenye korido ya hospitali, amesimama ameutazama ukuta.

"Wamemfunga," akasema.

"Nani?"

"Wauguzi. Alikuwa anarusha mikono. Anang'oa sindano ya maji."

Ulimuuliza Baba kwenye simu kama aliteseka, akakujibu alilala tu kama mtoto. Hakukudanganya kwa ubaya. Ila sivyo ilivyokuwa. Niliingia wodini nikamkuta mikono yote miwili imefungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda, huku na huku, na ngozi imechubuka kwenye vifundo. Wale watu hawakuwa wakatili. Baba alipoulizwa aliwaambia, "Hasemi," nao wakadhani hasemi kwa sababu ya maumivu. Tangu jana yake alikuwa akiwaeleza, anawaeleza, wao wakaona mgonjwa anayehangaika. Kwa hiyo wakamfunga mdomo, bila kujua kwamba ndio huo.

Aliponiona, akavimbisha mashavu. Hakuweza kitu kingine. Hiyo ya kwenu ya utotoni ilikuwa haihitaji mikono.

Nikaanza kufungua fundo. Muuguzi akaja mbio. "Usimfungue! Ameshang'oa mara mbili."

"Dada, huyu ni kiziwi. Anaongea kwa mikono."

Akanitazama, akafungua faili, akapekua mbele na nyuma. "Hakuna mtu aliyeandika," akasema, sauti imeshuka. Kisha akatoa mkasi mfukoni akazikata bendeji yeye mwenyewe, zote mbili.

Daktari akaitwa. Nikasimama katikati yao. Yalianza lini? Jumapili. Wapi? Kitovuni, halafu yakashuka kulia. Makali? Sana, mpaka jana jioni. Na jana jioni? Yalikoma ghafla, akapata nafuu kidogo, kisha tumbo zima likawa moto. Daktari akaniambia, "Muulize tena hapo. Yalikoma kabisa?" Nikauliza tena. Baba Mdogo akajibu ndiyo, kabisa. Sura ya daktari ikabadilika. Akatoka anaita watu wa chumba cha upasuaji. Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimepasuka tangu Alhamisi jioni. Alikuwa amewaambia wote waliopita kitandani pake.

Walichukua muda kuleta kitanda cha magurudumu. Muuguzi alinionya asipewe chochote mdomoni. Nikabaki naye nimemshika kiwiko, maana viganja nilitaka viwe huru. Ndipo akanifanyia ishara moja ambayo siijui. Nitakueleza mbele, nikipata nguvu. Aliifanya, akanitazama. Akaifanya tena. Na mimi, kwa kutojua, na kwa kuwa walikuwa wanafika, nikamjibu kwa neno lililozoea mkono wangu. Nikamwambia subiri.

Akatikisa kichwa kukubali. Wakamsukuma.

Alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai lakini hakuamka tena. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, akafariki. Baba alikuwa kushoto na mimi kulia. Hilo la kwamba hakuwa peke yake mlilosimuliwa ni la kweli, lishike.

Wiki tatu baadaye nikafanya mitihani. Watu wanasema nina moyo. Sina moyo, nilikuwa na ratiba tu, nikaifuata kama mtu anayeshika ukuta gizani. Majibu yatatoka mwezi ujao. Cheti cha masaa kimeshakuja, kiko kwenye bahasha chini ya godoro. Sijaifungua.

Nikusimulie kitu kimoja cha siku ya maziko, maana picha ulizotumiwa hazikuonyesha. Kituo kizima kilikuja. Walikuwa kumi na tisa, watu wazima na watoto, na mwalimu wao mbele, amevaa gauni alilopigiwa pasi na Baba Mdogo. Walisimama upande mmoja wa kaburi wakaanza kumwaga maneno kwa mikono, mmoja mmoja, kimya. Halafu wakawa wanacheka na machozi yakiwatoka. Majirani wakashangaa.

Baba akaniinamia. "Wanasema nini?"

Nikamtafsiria. Huyu anasema alimfundisha kunyoosha kola. Huyu anasema alimwigiza dobi akipita mlangoni mpaka mtu akaanguka kwenye kiti. Huyu mtoto anasema alikuwa anampa zamu yake ya mpira halafu anajifanya analia.

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia kwenye mtaa wake mwenyewe: "Kwani alikuwa anachekesha?"

Walikuwa wamekula meza moja maisha yao yote.

Siku hizi jioni Baba anakaa mezani ananiomba nimwonyeshe zile herufi. Vidole vyake vimekakamaa kwa miaka ya kuchomelea, herufi ya sita inamshinda kabisa, inatoka kama anataka kumpiga mtu. Hasemi kwa nini anajifunza. Mimi sijamuuliza. Juzi nilimkuta peke yake jikoni, ngumi juu ya kiganja, anaisukuma polepole mbele na nyuma.

Na mimi nimerudi kituoni. Jumamosi hii ilikuwa ya tatu. Mwalimu wa ishara aliniuliza nimeleta karatasi ya kusainiwa, nikamwambia sina. Akanipa watoto wa hesabu. Sijisikii vizuri nikiwa kule. Njiani nakaa dirishani, na kile kiti cha pembeni mtu yeyote anakaa.

Sasa umeyajua yote. Ukinikasirikia, una haki, wala sitakuomba uharakishe kunisamehe. Mama na Baba hawaijui habari ya Jumanne. Wewe ndiye wa kwanza. Nitawaambia, ila nilitaka uanze wewe, kwa kuwa uliishi ukiwa mdomo wake kabla ya sisi wote.

Mama anakusalimu sana, anasema kile kitambaa cha maua ulichotuma kimetosha gauni na mto. Baba anakusalimu, atakupigia kifua kikimruhusu kuongea bila kukohoa. Dobi naye anakusalimu. Ameajiri mpiga pasi mwingine, kijana mzuri, ila ile ndoano ya ukutani iliyotundikwa kofia hajamruhusu aitumie. Mbusu binamu yangu kwenye hilo pengo la meno, na umpe shemeji yake Baba mkono wangu wa heshima.

Limebaki moja, Shangazi, na ndilo lililonifanya niimalize barua safari hii.

Ile ishara. Aliweka kiganja cha kulia utosini, akakishusha usoni polepole mpaka kidevuni, kisha akakunja ngumi akaigonga kifuani mara mbili. Nilimwonyesha mwalimu wa ishara, akasema si ya kwao. Nikamwonyesha Baba. Akaitazama sana, akasema, "Hiyo ni ya wao wawili. Muulize shangazi yako. Mimi nilikuwa nje nacheza mpira."

Basi nakuuliza. Simama mbele ya kioo uifanye, labda mikono yako itaikumbuka kabla yako. Kama ilikuwa ni kuaga, niambie. Kama ni wewe alikuwa anakuulizia, niambie. Hata kama maana yake ni kiu tu, niandikie hivyo hivyo, usiipambe. Maji nisingeruhusiwa kumpa. Lakini aliniuliza mara mbili, na nataka kujua alikuwa anangoja nimjibu nini.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi baada ya kuisoma hii, na atukutanishe tukiwa bado wote tunafahamiana sura.

Nabaki mwana wa kaka yako, anayekupenda na kukungoja,

Mashavu